Kiti cha Kando ya Pipa

Harkirat Singh alikuwa na wivu, na tuliseme mapema ili mtu asije akalitafutia jina la heshima. Hakumwonea wivu jirani aliyenunua gari, wala binamu yake aliyehamia Kanada na kila wiki anatuma picha za theluji. Alimwonea wivu mke wake mwenyewe. Tena si kwa sababu ya mwanamume, maana hilo sisi watu wa mtaa huu wa Jalandhar, huku India, tungelijua na kulimaliza kwa siku mbili. Alimwonea wivu kwa sababu ya pua.

Kidonda kilianza asubuhi moja ya mwezi wa kumi, msimu wa harusi ukinyemelea. Pipa jipya la mafuta ya kufulia lilikuwa limesimama uani. Karatasi yake iliyaita tapentaini ya madini. Mtaani tunayaita petroli tu, ingawa si ile ya pikipiki. Ni meupe kama maji, na bila hayo drai klina ya mzee Bachittar Singh ingekuwa kibanda cha kupigia pasi. Harkirat, mwanawe wa pekee, alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma kando ya pipa, kiti ambacho hakikaliwi na mtu ila fundi mkuu wa nyumba ile, na alikwisha kumwambia Tarsem muuzaji, "Zuri hili. Shusha na la pili."

Nimrat, mkewe, alikuwa anapita na beseni la nguo za mtoto. Akasimama.

"Mbona linanuka taa ya chemli?"

"Nini?"

"Pipa hilo. Kama kwa bibi yangu jioni."

Tarsem akacheka hadi kilemba kikamkaa upande. "Shemeji, wewe nusa vitunguu. Petroli tuachie wenyewe."

"Mimi nimesema tu," alijibu Nimrat. "Ukitaka cheka mpaka kesho."

Lakini mzee Bachittar, aliyekuwa amejinyoosha juani kwenye kitanda chake cha kamba, alikwisha inuka. Alichovya kidole ndani ya pipa, akadondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe, akaagiza chai. Ndivyo anavyopima: mafuta mazuri hukauka na kutoweka kabla glasi ya chai haijaisha. Chai iliisha. Tone lilikauka, lakini likaacha duara la manjano, na mzee alipolipitisha kidole likateleza. Pipa lilikuwa limechanganywa na mafuta ya taa. Tarsem hakucheka tena. Alianza kulivingirisha pipa lake kurudi garini huku akiwalaani watu wa ghala.

"Harkirat, inuka," mzee alisema.

"Niinuke niende wapi, Baba?"

"Inuka tu. Njoo, binti yangu, ukae hapa."

Nimrat alikaa ukingoni mwa kiti, beseni mapajani, dakika moja tu kwa sababu alikuwa na dengu motoni. Dakika hiyo moja Harkirat aliikumbuka miezi miwili mizima.

*

Mzee Bachittar alikuwa na somo lake, na kila kijana aliyepita kwenye duka lile alilisikia.

"Mafuta haya ni ukoo, si mtu mmoja," angesema. "Wamo wepesi. Wakikugusa mkononi unahisi baridi, wana haraka, na cheche ikipita wameshika moto na nyumba yako. Wamo wazito. Hao hawataki kuondoka kwenye nguo, wanaiacha na shombo. Na wamo wenye utamu puani. Hao ndio mashetani, wanakula gundi, wanakula plastiki, hata rangi ya kitambaa wanaila. Sisi tunawataka wa katikati, wasio na haraka wala uvivu. Mwepesi utamjua kwa mkono, mzito utamjua kwa karatasi. Mtamu hakamatwi na kitu ila pua."

Na pua ya Bachittar ilikuwa na jina mpaka mji wa Ludhiana. Alikuwa na desturi yake: hanusi mbele ya watu. Alichota mafuta kwenye kibakuli cha chuma, akakifunika kwa kiganja, akaingia nacho ndani. Alipita jikoni, akaenda kwenye chumba cha sala mwisho wa nyumba, akakaa kitambo, kisha akatoka na jibu. "Rudisha." Au, "Shusha." Hakuwahi kukosea. Watu walisema anamwonesha Mungu kwanza.

Mwaka ule mkewe Mohinder alipofariki, mzee alisema amechoka. Alimkabidhi mwanawe kibakuli na kiti. Harkirat alivipokea vyote, na desturi akaishika vilevile: kufunika kwa kiganja, kupita jikoni, kusimama mbele ya picha ya Guru, mwalimu wa dini yao. Kitu kimoja tu hakuwa nacho. Alikuwa hanusi. Miaka kumi na miwili ya kufungua mlango wa mashine na kupigwa na mvuke usoni ilikuwa imeimaliza pua yake, kidogo kidogo, bila maumivu. Aligundua siku maziwa yalipoungua jikoni na yeye amekaa hatua tatu tu kutoka jikoni anasoma gazeti.

Hakumwambia mtu. Alikuwa akisimama katika chumba cha sala na kibakuli chini ya pua, anavuta pumzi, hapati kitu, kisha anatoka na kusema "Zuri." Kwa miaka mitatu jina la baba lilimlinda, kwa kuwa Tarsem aliogopa kuleta uchafu kwa mwana wa Bachittar. Lakini muuzaji naye si mjinga. Anajaribu leo, anajaribu kesho.

Basi mtu wa namna hiyo mweke nyumba moja na mwanamke anayejua, akiwa ghorofani, kwamba jirani ameanza kukaanga bizari. Wivu ulimla Harkirat mchana kutwa. Mzee akimwita "binti yangu", yeye anasikia "si wewe." Nimrat akisema koti la mteja linanuka sigara, yeye anaona amesutwa. Hata Simar, binti yao wa miaka sita, siku moja alishika ndoo na kutangaza, "Nina pua ya Mama!" Harkirat akamwambia akafanye hesabu zake.

*

Jumatano moja ya Desemba, Mwalimu Charanjit Kaur aliingia dukani amekumbatia mfuko kama mtoto mchanga. Lilikuwa shela la harusi la binti yake: jekundu, lote vimetameta vya plastiki na vijiwe vilivyobandikwa kwa gundi. Shangazi mmoja alikuwa ameshika pindo lake kwa vidole vya samli.

"Harusi Jumapili," alisema. "Nimewapita mafundi watatu njiani, nimekuja kwenu. Mnanielewa?"

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu," Harkirat alisema.

Saa ileile, uani, Tarsem alikuwa anashusha pipa. Harkirat alikwenda, akajaribu mkononi: halikuwa na baridi kali. Akadondosha tone kwenye karatasi, akaagiza chai, na kabla ya chai kwisha karatasi ilikuwa nyeupe safi, haina duara. Akajiona mwanamume. Akachota kibakuli.

Nimrat alikuwa anaanika mashati. Upepo ulimfikia.

"Baba Simar," aliita kwa sauti ya chini. "Hili lina utamu."

"Utamu gani?"

"Kama thina ya wapaka rangi. Usiliweke shela la watu humo."

"Karatasi iko wapi? Ione. Kuna duara hapo?"

"Sijasema zito. Nimesema tamu."

Tarsem aliweka mikono kiunoni. "Jamani, hapa fundi ni nani? Niambieni nijue wa kumwamkia asubuhi. Au siku hizi mume anashika kibakuli na mke anashika mume?"

Vijana wawili wa gari wakacheka. Masikio ya Harkirat yakawaka moto. Aliingia ndani na kibakuli, akapita jikoni, akasimama mbele ya picha ya Guru. Akavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakupata kitu. Akavuta tena. Na moyoni, badala ya kuomba apate kunusa, aliomba Nimrat awe amekosea. Mara moja tu, alisema, akosee mara moja tu.

Alitoka. "Zuri. Shusha."

"Baba Simar, subiri kidogo..."

"Nimeshasema!"

Wote wakamgeukia mzee kwenye kitanda cha kamba. Bachittar alimtazama mkwewe, akamtazama Tarsem na wale vijana wenye meno nje, akamtazama mwanawe. Mzazi hamvui mwanawe nguo mbele ya wachuuzi.

"Mwenye kiti ameshasema," alijibu, akageukia ukutani.

Harkirat alikikalia kile kiti nusu saa nzima bila kazi yoyote. Kwa miezi miwili hakuwa amekaa vizuri hivyo.

Shela alilifua mwenyewe. Alipofungua mlango wa mashine, kwanza alisikia mlio wa vijiwe vikidondokea chuma, kimoja kimoja. Kisha akalivuta. Vimetameta vilikuwa vimejikunja kama maganda ya vitunguu vilivyokaushwa, vingine vimeyeyuka na kushikamana. Gundi ilikuwa imetapakaa kwenye kitambaa chote. Harkirat aliketi sakafuni.

*

Kesho yake Mwalimu Charanjit alirudi, na hakupiga kelele mara moja. Alilitandaza shela juu ya meza ya duka, akalipapasa kwa kiganja kutoka pindo hadi pindo, na vijiwe viwili vilivyobaki vikamjia mkononi. Wateja wanne walikuwa wamesimama nyuma yake. Ndipo alipoinua uso.

"Nani kafanya hivi?"

Harkirat alifungua mdomo. Maneno yalikuwa pale, mafupi tu. Lakini wale wateja wanne walikuwa wanamtazama, na mmoja wao alikuwa mwenye drai klina ya pili ya mtaa, aliyekuja eti kuulizia bei ya vibao vya pasi. Akaufunga mdomo.

"Mimi," Nimrat alisema kutoka mlangoni. "Mimi ndiye niliyenusa pipa, Mwalimu. Nilikosea."

"Wewe?" Mwalimu alimgeukia. "Wewe! Na mzee huyu, na kilemba chake chote, na jina lake lote mjini, kazi ya pua akakuachia wewe? Kazi ya Bachittar Singh mnampa mwanamke wa jikoni?" Akalia sasa, machozi ya hasira. "Binti yangu atafunikwa nini Jumapili? Nikamfunike gunia?"

"Utalipata shela," mzee Bachittar alisema. Alikuwa ametoka ndani kwa fimbo yake. "Nalichukua mwenyewe sasa hivi kwa watia nakshi wa sokoni. Wanne, watano, hata kumi, kwa gharama yangu. Watang'oa vyote na kushona upya kwa uzi. Jumamosi mchana litakuwa mlangoni kwako, na nitalileta kwa mikono yangu."

Mwalimu aliondoka bila kuaga. Yule mwenye drai klina ya pili naye aliondoka, tena kwa haraka ya mtu mwenye habari.

*

"Nani alikutuma?" Jioni ile Harkirat alimfuata mkewe jikoni. "Nani alikuomba useme vile?"

"Hakuna."

"Sasa mtaa mzima utasema mke wa Harkirat kambeba mgongoni! Hata kosa langu unataka liwe lako?"

Nimrat aliweka mwiko chini. "Kosa lako? Basi si ungelisema? Nilikuwa nimekuachia nafasi. Nilihesabu moyoni mpaka kumi, Baba Simar. Kumi! Ulikuwa umesimama kama kabati."

"Nilikuwa nafikiri."

"Ulikuwa unaogopa. Unadhani sijui? Mwezi wa saba uliingia hapa, ukafumba macho, ukasema, 'Aaa, mboga ya haradali hiyo, nyumba nzima inanukia!' Sufuria halikuwa na mboga, mume wangu. Nilikuwa nachemshia humo maji ya kuoshea vyombo."

Harkirat alikaa juu ya gunia la unga. Miaka mitatu ya kusifu masufuria ilimrudia yote kwa pamoja.

"Kwa nini hukusema?"

"Nikuvue nguo? Nilisema ukitaka kuniambia utaniambia. Badala ya kuniambia, unanichukia." Akaokota mwiko. "Mimi kiti chenu sijakiomba. Nilikaa dakika moja na dengu zangu zikaungua, na kwa dakika hiyo umeninunia tangu mwezi wa kumi."

"Nakuonea wivu," Harkirat alisema. Lilitoka hivyo tu, kama chafya. "Nakuonea wivu mpaka silali. Namwomba Mungu ukosee. Jana nilimwomba."

Fimbo iligonga kizingiti. Mzee alikuwa amerudi kutoka sokoni na alikuwa amesikia ya kutosha. Aliingia, jambo ambalo hakulifanya tangu maiti ya mkewe ichomwe kwa desturi yao, akatafuta pa kukaa, akaegemea ukuta karibu na pazia linalotenga jiko na ujia wa kwenda chumba cha sala.

"Pua yako ilikufa lini?" aliuliza.

"Miaka mitatu, Baba. Labda minne."

"Yangu ilikufa nikiwa na miaka thelathini na moja."

Chai ilianza kuchemka na Nimrat akaipunguzia moto bila kuitazama.

"Ilikufa yote," mzee aliendelea. "Mvuke uleule, mashine ileile. Wewe ulikuwa hujaanza shule. Nilimwambia mama yako usiku tukilia wote. Akasema, lete kibakuli hapa. Kila pipa, Harkirat. Nilikuwa napita na kibakuli, yeye anatoa mkono nyuma ya pazia hili. Ananusa kwa mbali, anajipepea kwa kiganja, hakuwahi kutia pua ndani, ndiyo maana yake haikufa. Akinirudishia na kijiko ndani, pipa ni baya. Kikija kitupu, ni zuri. Kisha naenda chumba cha sala kukaa kidogo, watu waone nimekaa."

"Nilidhani unasali," Harkirat alisema.

"Nilikuwa namshukuru Mungu kwa mke." Mzee alijifuta uso kwa ncha ya kilemba. "Nilikukabidhi kibakuli nikadhani pua unayo. Hukuniambia, nami nilikuwa naona haya kuuliza. Baba na mwana, wote tunatembea na bakuli, kwetu ni maji tu."

"Na Mama hakulalamika?"

"Aliomba kitu kimoja. Alisema, niwekee kiti pale uani, kando ya pipa, hata kwa siku moja, nikae nionekane. Nikamwambia mwakani. Nilimwambia mwakani miaka ishirini na sita." Kisha akasema upesi upesi, kama anayemaliza shughuli: "Basi, sasa mmejua. Pazia lipo. Kibakuli kipo. Harkirat utapita, binti atanusa, jina la nyumba litarudi. Ndivyo tulivyoishi, na hatukulala njaa."

Nimrat alimimina chai kwenye glasi tatu.

*

Shela lilifika Jumamosi, zuri kuliko mwanzo, na Mwalimu Charanjit alilipokea bila kumkaribisha mzee ndani. Bibi harusi alifunikwa, akaolewa, akaenda zake. Lakini maneno hayakwenda naye. Wiki nzima kisimani, kwenye duka la maziwa, mlangoni mwa hekalu: mkwe wa Bachittar kaunguza shela la watu. Nimrat aliyasikia akiwa kwenye foleni ya maziwa na akanunua maziwa.

Jumanne iliyofuata Tarsem, aliyekwisha lichukua lile pipa lake tamu kwa manung'uniko, alileta jingine. Alikuwa mpole. Aliapa kwa mama yake na kwa magurudumu ya gari.

Harkirat alichota kibakuli, akakifunika kwa kiganja, akaingia ndani. Kwenye ujia, mkono wa Nimrat ulikuwa tayari umetoka pembeni mwa pazia, na alama ya unga kwenye kidole gumba. Alimpa. Alisikia pumzi mbili fupi. Kibakuli kikarudi na kijiko ndani.

Basi ilikuwa rahisi hivyo! Angetoka sasa na kusema "Rudisha," na Tarsem angeshika masikio yake kuomba radhi, na kesho mtaa ungesema pua ya Harkirat imerudi, ni yule mwanamke tu ndiye aliyeharibu. Angekaa kwenye kiti mpaka uzeeni. Alilitaka jambo hilo kwa mwili wote. Aone haya asione haya, alilitaka. Alisimama katika chumba cha sala, na ukutani chini ya picha ya Guru palikuwa na picha ndogo ya mama yake, amesimama. Akajaribu kukumbuka picha yoyote ambayo mama yake amekaa. Hakuikumbuka.

Alitoka uani.

"Enhe, fundi," Tarsem alisema. "Pua inasemaje?"

Harkirat alikitazama kiti. Kisha akageuka na kupaza sauti ambayo jirani wa ghorofani aliisikia, na mwenye drai klina ya pili, aliyekuwa anapita barabarani, akasimama.

"Nimrat! Njoo huku nje!"

Alikuja anajifuta mikono. Mzee Bachittar aliinuka nusu kutoka kitandani kwake. Harkirat alikivuta kiti, akakipangusa kwa mkono wake wa shati, akampa kibakuli.

"Kaa. Waambie mwenyewe."

"Baba Simar, kwani tulikubaliana..."

"Mimi sinusi kitu, Nimrat. Sinusi hata moto. Na lile shela nililiharibu mimi, wewe ulinikataza." Alisema akimtazama Tarsem. "Kaa, tafadhali."

Nimrat alikaa. Safari hii hakukaa ukingoni.

Tarsem alitazama huku na huku akitafuta wa kucheka naye. "Makubwa haya! Kwa hiyo siku hizi kwa Bachittar Singh fundi ni mwanamke?"

Alijibiwa na mzee kutoka kitandani, kabla ya Harkirat.

"Tangu zamani," alisema. "Tangu zamani, bwana Tarsem. Kiti ndicho kilichochelewa."

Nimrat alijipepea kwa kiganja juu ya kibakuli, akavuta pumzi mbili fupi. Harkirat alisimama nyuma yake, mikono haina kazi, na wivu ulikuwapo bado, palepale chini ya mbavu. Haukuwa umeenda popote. Lakini alisimama.

"Lina wepesi wengi," Nimrat alisema. "Hili litatuchomea watoto. Rudisha."

Na Tarsem akaanza kulivingirisha pipa.